Mkono Ulioshika Sufuria

Mwanangu Editha,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo nimeshindwa kuanza hivyo. Wewe bado hujawa mbali, umekwenda tu Utemini kumuaga shangazi yako, na mimi si mzima. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, mlango nimeurudishia, nimechana karatasi za katikati ya daftari la genge langu la nyanya na sinia nimeligeuza meza magotini. Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Kesho alfajiri unapanda basi la Tabora kwenda chuo cha uuguzi, na kuna jambo nimelificha miezi kumi. Nisipolisema leo utaondoka nalo mgongoni ukidhani ni lako.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kufungia sanduku kufuli sitaziandika. Hizo nimekuimbia wiki nzima, na jana ulinijibu, "Mama, nimesikia," kwa sauti ya mtu anayeongea na konda. Nilistahili. Nilikuwa naongea mambo ya ndoo na sabuni ili nisiongee hili.

Asubuhi ulipokuwa kanisani nilifungua begi lako niongeze kanga. Usinikasirikie. Nikakuta umefungasha mpaka vitu ambavyo watu hawafungashi. Sweta lako la darasa la tatu. Picha yako na Bibi, umeitoa kwenye fremu yake. Kikombe chako cha bati. Mtu anayekwenda chuo na kurudi likizo habebi kikombe alichonywea uji akiwa mtoto. Nikaelewa kwamba hutarudi. Nilikaa sakafuni hapo hapo, kikombe mkononi, sijui kwa muda gani. Nilipoinuka nikampigia simu baba yako.

Unajua alikwenda shamba, Mungaa, Ijumaa. Alisema anakwenda kukwangua nta kuukuu kwenye mizinga yake ya nyuki, na sote wawili tulijua anakwenda ili kesho asikuone ukitoka. Nikamwambia, "Baba Editha, rudi leo." Akasema, "Kuna nini? Si anaondoka kesho huyo? Nitakuja keshokutwa." Huyo. Tangu msiba hajalitaja jina lako. Nikamwambia, "Kuna jambo la kifo cha mama yako hulijui." Kisha akasema, "Nakuja."

Kwa hiyo naandika huku namsubiri, na kwa mwandiko utanisamehe. Nitaeleza na mambo unayoyajua, kwa sababu nataka na yeye asome, na yeye siku ile hakuwepo.

Ulipomaliza mtihani wa kidato cha nne uliomba kitu kidogo tu. Tulikuwa mezani, ukasema, "Baba, naomba Jumamosi nialike wenzangu kumi na wawili. Tule, tusikilize muziki kidogo, tuagane." Baba yako akatafuna taratibu kama kawaida yake, akauliza wataondoka saa ngapi. Ukasema saa kumi na moja. Akasema, "Sawa. Ila mkae mbele ya nyumba. Nyuma kuna mizinga, na nyuma kuna mama yangu."

Mizinga yake miwili ya masanduku ilikuwa inaning'inia kwa waya kwenye ule mgunga wa uani, na hatua chache kutoka hapo ndipo Bibi alipokuwa akikaa mchana. Tulimleta kutoka Mungaa miguu ilipomkataa. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba akichambua choroko, nyuki wanapita juu ya kilemba chake, na ukimwambia asogee anakuambia wanamjua. Kweli walimjua. Baba yako alikuwa na sheria zake kuhusu nyuki: hakuna kelele, hakuna manukato, hakuna kugonga mti. Tulizizoea kama tulivyozoea kuvua viatu mlangoni.

Akaenda zake shamba, akaniachia mimi shughuli.

Ukatengeneza kadi kwenye simu. Ilikuwa nzuri, ina maua pembeni, ina majina ya wenzako kumi na wawili, na chini umeandika: tafadhali usije na mtu mwingine. Ulinionyesha huku unafurahi. Mimi nikasikia aibu.

Mwanangu, kwetu mtu haandiki hivyo. Ukichinja, moshi unaonekana, na anayepita njiani unamwambia karibu. Kutaja majina ni kumtukana yule ambaye hukumtaja. Niliwaza watu wa jumuiya yetu ya kanisani watasemaje: Mama Editha kafanya sherehe ya mtoto kwa kadi, kama ana ofisi. Nikakuambia, "Sasa hii ni sherehe au mahabusu?" Ukacheka, ukasema, "Mama, siku hizi ukiacha wazi mtandaoni, watu wanajaa hujui hata wametoka wapi." Ulinionya. Miaka kumi na saba, ulinionya, na mimi nilikuona mtoto anayejifanya mjuaji.

Kuna kitu sijakuambia maishani mwako, na si kwamba nataka unionee huruma. Nilipomaliza darasa la saba, baba yangu alifanya karamu. Alikuwa amegombana na ndugu zake kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye shamba la alizeti, ng'ombe wa nani na shamba la nani sikumbuki tena. Alituma mtu kuwaalika wote. Tuliazima mabenchi ya kanisa, tukayapanga chini ya kivuli, mama yangu akapika tangu kucha. Hakuja mtu. Hata mmoja. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya la njano, nimekaa kwenye benchi la mbele. Mama alikuwa akifunua sufuria, anaangalia, anafunika. Anafunua, anafunika. Jioni tukarudisha mabenchi yale, tumeyabeba vichwani tukipita mbele ya milango ya watu wale wale. Kile chakula tulikila siku tatu. Mpaka leo nikiona kiti kitupu kwenye shughuli yangu, natafuta mtu wa kukikalia.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Jumamosi ile asubuhi wewe ulikwenda kuchukua spika. Rafiki yako Salome alikuwa nje upande wa bomba anamenya viazi. Mimi nilikuwa hapa hapa jikoni na sufuria kubwa ya kuku. Nikachukua simu yangu kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia nikafunua kifuniko, mvuke ukapanda, nikajirekodi. Nilisema, "Jamani karibuni wote, Editha wangu amemaliza. Mandewa, geti la bluu, mkabala na mashine ya kukamua alizeti. Kuku wapo, muziki upo. Mje na wenzenu." Nikatoka nikalipiga picha na geti lenyewe mtu asije akapotea. Vyote nikaviweka kwenye status, nikavituma kundi la jumuiya na kundi la akina mama wa vikoba. Nilijiona mtu wa kisasa. Nilikuwa naimba.

Ni mimi, Editha. Kadi yako haikuleta watu. Wa kadi yako walikuja tisa kati ya kumi na wawili, wameoga, wamebeba zawadi, wakasema shikamoo mlangoni.

Kijana wa mama mmoja wa jumuiya aliichukua ile video. Ni yupi sijui, na sitafuti kujua. Akaondoa sauti yangu, akaweka wimbo, akaunganisha na picha ya geti, juu akaandika: Mama kasema mje na wenzenu. Kufikia saa saba mchana ilikuwa imezunguka mji mzima. Bodaboda ya kwanza iliposhusha watu wanne getini, mmoja alinionyesha simu yake akaniuliza, "Mama shikamoo, ndiyo hapa pa sufuria?" Nikaona mkono wangu mwenyewe unafunua kifuniko kwenye simu ya mtu nisiyemjua. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema, "Ndiyo hapa, baba, karibuni."

Nilijua tangu dakika ile. Nataka hilo uliweke moyoni usilisahau. Sikuja kugundua baadaye.

Walikuja wa Utemini, wakaja wa stendi, wakaja wengine na pikipiki wakitokea huko barabara kuu. Uwanja wa mbele ukajaa wakaanza kumwagika pembeni. Wewe ulikuja jikoni uso umekubadilika. Ulisema, "Mama, hawa siwajui. Wanaingia na chupa. Tufunge geti." Nikakujibu, "Usinitie aibu, wageni hao." Ukashika kitenge changu, ukaking'ang'ania kama ulipokuwa mdogo sokoni, ukasema, "Basi wewe usiondoke." Nikakutoa vidole kimoja kimoja. Nikapanda bodaboda kwenda parokiani kuazima viti zaidi.

Njiani nilikuwa natabasamu, mwanangu. Nilikuwa nawaza laiti mama yangu angekuwa hai aone.

Niliporudi nimebeba viti, mtaa mzima ulikuwa unakimbia kuja upande wangu. Vijana wamejifunika mashati vichwani, wasichana wamevua viatu, mtu mmoja anajipigapiga usoni na kulia kwa sauti kubwa. Baadaye ndipo tulijua. Mbele palipojaa, waliisogeza spika nyuma wakaiegemeza kwenye mgunga, wawili wakapanda mtini kutafuta pa kupigia picha, na mzinga mmoja ukakatika waya. Muziki ulikuwa bado unalia. Uwanja hauna mtu, viti vimelala chali, spika inaimba peke yake, na hewa yote imekuwa nyuki.

Na wewe ulikuwa chini, kule uani. Wenzako wote walitoka, na wewe ulikuwa umeshafika getini. Salome aliniambia alikuvuta mkono ukajinasua. Ulirudi ndani ukachukua blanketi, ukamfunika Bibi, ukalala juu yake. Jirani wa mashine alipoingia na moshi ndivyo alivyowakuta. Miiba ya mgongoni kwako nilikuja kuihesabu hospitali nikaacha, sikuweza.

Baba yako hili halijui. Yeye anajua kwamba mama yake aliumwa na nyuki kwenye sherehe yako na kwamba wewe ulipona. Sasa asome: uliumwa kwa sababu gani, na ulikuwa wapi ulipoumwa.

Jioni ile, kwenye korido ya hospitali, wakati wewe macho yamefumba kwa uvimbe na Bibi wanamwekea dripu, mimi nilitoa simu nikafuta. Nikafuta kwenye status, nikafuta kwenye makundi. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi kweli. Nilifuta kabla sijakuletea maji ya kunywa.

Bibi aliishi siku mbili. Jumapili mchana alizinduka kidogo, mimi nikiwa peke yangu naye. Akaniita kwa Kinyaturu, nikainama. Nilidhani ataniuliza habari zako au za mwanawe. Aliniuliza, "Wageni wamekula?" Nikamwambia wamekula, mama, wameshiba. Akasema vizuri. Jumatatu asubuhi akaenda.

Sijawahi kumwambia mtu neno hilo. Kila nikipika linanirudia.

Tukamzika Mungaa. Baada ya maziko ukoo ukakaa kikao kama ilivyo desturi, kuuliza marehemu ameondokaje. Wewe ulikuwa mwisho wa mkeka, macho yako bado yamevimba, na watu walidhani ni kwa kulia. Baba Mkubwa akauliza, "Hawa watu wote waliokuja, aliyewaita ni nani?" Mimi nilikuwa kati ya wanawake, hatua tano kutoka kwako, mdomo nimeuziba kwa upindo wa kanga. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilikuwa nahesabu moyoni, nitasema ng'ombe yule akimaliza kulia, nitasema mtoto huyu akinyamazishwa.

Ukasimama wewe. Ulisema, "Ni mimi, Baba Mkubwa. Nilituma kwenye kundi la darasa, nadhani ikatoka hapo. Naomba mnisamehe." Ulisema vizuri, bila kujitetea. Baba yako akakutazama, akasema, "Umemuua mama yangu kwa simu. Nimekusikia. Kuanzia leo sina la kukuuliza."

Na mimi, mama yako niliyekuzaa, nikakaa.

Akina mama wawili watatu wa jumuiya walikuwepo, na sauti yangu kwenye video waliisikia kabla haijafutwa. Walinitazama. Hawakusema. Labda kwa kuwa msibani hatunyoosheani vidole, labda walikuwa wananipa nafasi niseme mwenyewe. Nikaangalia chini, nikachezea uzi wa mkeka.

Toka siku ile baba yako amekuwa akipitisha maneno kwako kupitia mimi. Muulize huyo chai iko wapi. Mwambie huyo afunge kuku. Wewe umesimama pale pale unasikia, na mimi narudia maneno yale yale kama vile kuna mtu kiziwi. Mjini wakakutungia jina, wakakuita Nyuki. Ukipita stendi wanakuvumia kwa midomo. Ile video ya watu wakikimbia wakaiwekea vichekesho, na mmoja alikuwa amempiga picha Bibi. Uliniomba tuhame Mandewa. Nikakuambia yatapita, kwa kuwa kuhama kungetaka sababu, na sababu ningeulizwa mimi.

Salome naye. Uliiona ile video ya sufuria baadaye, ukaona mkono wangu, ukajua imepigwa jikoni kwetu, na siku ile jikoni alikuwa anaingia na kutoka yeye, ukadhani ndiye aliyenirekodi. Ukamkatia urafiki wa tangu chekechea. Alikuja hapa getini siku moja ukiwa umekwenda kisimani, analia mpaka kamasi, akasema, "Mama, mwambie si mimi. Wewe si ulikuwepo?" Nikamwambia, "Mtapatana tu, mwanangu." Nikamrudisha na nyanya za bure kwenye mfuko. Nyanya, Editha! Mtoto wa watu anadai jina lake, namfungia nyanya.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe kila siku, na majibu yangu yote ni mabaya. Siku ya kwanza, kusema kungekuwa neno moja: ni mimi. Pale hospitali baba yako angelia, angenifokea, labda angenirudisha kwetu, lakini lingekuwa neno moja. Baada ya kikao likawa maneno mawili: ni mimi, na nilikaa kimya mtoto wangu alipohukumiwa. Nikasema nitangoja arobaini ipite. Arobaini ikapita, likawa na mkia mrefu zaidi. Kila siku niliyongoja nilikuwa nadhani napunguza ubaya, kumbe naulisha. Sasa limefika mahali ambapo kulisema kunaweza kunitoa ndani ya nyumba hii, na bado ni lile lile, ni mimi.

Utakosea huko uendako. Sikutishi, ndivyo tulivyo. Utampa mgonjwa dawa isiyo yake, au utavunja chombo cha chuo, sijui. Sema siku hiyo hiyo. Sema midomo ikitetemeka. Mimi nimejaribu njia nyingine, na wewe ndiye uliyeumia.

Na watu wasipokuja kwako, waache wasije. Siku utakayofanya jambo lako na viti vikabaki vitupu, vikunje urudi ndani ule na waliopo. Viti vitupu viliniumiza mimi, lakini havikuniua. Mimi niliviogopa miaka thelathini, nikaja kuvijaza kwa watu nisiowajua, mama mkwe wangu akafa.

Sikuambii uache simu. Baba yako aliichukua yako akaifungia kwenye kabati akidhani ubaya umo ndani yake. Ufunguo ninao, nimeitoa, nimeitia kwenye sweta lako la darasa la tatu. Namba ya Salome bado imo. Mpigie hata kabla hujashuka Tabora. Mwambie mama yako ameomba radhi, na kwamba akitaka nitakwenda kwao kupiga magoti mbele ya mama yake. Nitakwenda hata asipotaka.

Najua unaondoka na hasira kwa baba yako. Usimchukie. Yule mtu aliambiwa uongo na watu wawili anaowapenda: wewe ukimwambia ni wewe kwa kutojua, mimi nikimwambia hivyo hivyo kwa kunyamaza. Akawa hana mahali pengine pa kupeleka uchungu. Mizinga yake aliirudisha Mungaa siku ya tatu, kiti cha Bibi kakiweka darini, na asali haigusi. Mwezi wa nne nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba chako, wewe ukiwa umelala mchana kifudifudi, gauni limeshuka begani. Alikuwa anaangalia yale makovu mgongoni. Aliponiona akauliza, "Haya yote ya nini, na yeye alikuwa mbele?" Swali lilikuwa linanisubiri, Editha, lilikuja lenyewe mpaka mlangoni. Nikasema, "Nyuki hawachagui." Akatikisa kichwa akaenda zake.

Nikilikumbuka jibu hilo natamani kujitapika.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba, lakini najua ningekuwa naomba ili nipate usingizi, na wewe umenilinda vya kutosha bila kujua. Ninaloomba ni moja, na naliomba kama mtu aliyeshikwa shingoni: usiondoke ukiamini ulimuua Bibi. Wewe ndiye mtu pekee siku ile aliyerudi. Kama mtu akikuuliza huko chuoni kwa nini unataka kuwa muuguzi, usiinamishe macho kama ulivyofanya shangazi yako alipokuuliza. Unayo sababu, imeandikwa mgongoni kwako.

Nasikia pikipiki. Inapanda kwenye mashine ya alizeti, inapunguza mwendo. Ni yeye, nazijua breki zake. Miguu yangu imekufa ganzi kwa kukaa.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwa mdomo. Lakini mdomo wangu naujua sasa, ulinikimbia msibani, ukanikimbia mlangoni kwako. Nitamwona amesimama hapo na vumbi la Mungaa usoni, nitaanza kumuuliza kama amekula. Kwa hiyo nitampa karatasi hizi mkononi, azisome zote, nikiwa nimesimama mbele yake. Akimaliza, akinipa ruhusa ya kusogea, nitazikunja nizitie kwenye kile kikombe cha bati, ndani ya begi lako. Hata asiponiruhusu nitazitia.

Amekuwa akikwangua nta tangu Ijumaa. Unajua vidole vyake vinavyokuwa, nta haitoki hata kwa mafuta ya taa, kila anachoshika kinabaki na alama ya kahawia. Kwa hiyo kabla hujasoma hata mstari mmoja, angalia pembe za karatasi. Ukiona vidole vyake, basi kila kitu kimesemwa hapa nyumbani, na hasira zake zimempata anayezistahili, na kama mimi sitakuwepo Desemba utakapokuja, chumba chako kitakuwepo.

Ukizikuta safi, hazina doa, ujue niliogopa tena. Basi hicho kikombe kibebe, mwanangu, na usirudi.

Geti limefunguliwa.

Mwenye mkono ule wa kwenye video,
Mama yako